Nilivyomtunga Bobosi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Ngurumo ametuacha. Mwigizaji aliyevaa lile joho la bluu katika filamu nne na kuipa kampuni yetu jina amesema hataki kulivaa tena, na mkataba unasema wazi kwamba bila yeye hakuna Ngurumo. Mkurugenzi alituita kwenye chumba cha waandishi, akasimama mbele ya ubao wa kadi, akasema, "Tumebaki na maadui na majirani. Basi tutaishi kwa maadui na majirani."

Mpango ni filamu tatu zisizo na shujaa. Moja ya Daktari Kutu, yule adui anayegusa daraja likaliwa na kutu. Moja ya mama mwenye nyumba aliyempangishia Ngurumo chumba. Na ya kwanza kutoka ni ya Bobosi, kibaraka wa Daktari Kutu, yule mwenye kigugumizi. Kila filamu, mambo yakiharibika, Bobosi husema, "Bo-bo-bosi, tu-tu-tukimbie!" na ukumbi mzima huvunjika mbavu.

"Na ataandikwa na mama yake mzazi," Mkurugenzi akasema, kidole kikinielekea mimi. Watu wakapiga makofi. Chumvi, mwandishi mwenzangu, akapiga meza kama ngoma. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Niliandika ukurasa mmoja, nikaufuta.

Jumamosi, 8 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama. Mdogo wangu alikuja na mkewe, yaani wifi yangu. Nilikuwa nimepanga kuwaambia habari ya filamu. Badala yake nilisifia mapazia.

Mdogo wangu ana kigugumizi tangu aanze kusema. Ameshakuwa mtu mzima, miaka thelathini na minne, na bado maneno yanayoanza kwa baadhi ya herufi humsumbua kama mlango uliovimba kwa unyevu. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Sasa anakata na kusaga lenzi kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani. Aliacha ualimu miaka minne iliyopita kwa sababu ya kifua. Vumbi la chaki lilikuwa linamdhuru.

Miaka sita iliyopita, filamu ya kwanza ilipotoka, Mama aliniuliza waziwazi nani aliyemtunga Bobosi. Tulikuwa waandishi wanne. Nikasema ni Chumvi. Ilitoka mdomoni kabla sijaifikiria, na tangu hapo imekaa.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Kadi ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ana mvi, ana sauti ya taratibu, hajawahi kumfokea mtu. Kila tukio la filamu hulitia kwenye kadi na kulibana ubaoni. Leo amenieleza tena somo lake: ukitaka watazamaji wampende adui, waonyeshe kidonda chake mapema. Kutu alinyimwa mazishi ya baba yake. Mama mwenye nyumba aliachwa siku ya harusi.

"Bobosi naye kidonda chake ni nini?" akauliza.

Nikasema bado natafuta.

Jina la filamu limeshapitishwa: *Tu-Tu-Tukimbie*. Fulana zimeshaanza kuchapwa.

Alhamisi, 13 Machi

Paa la chumba cha waandishi linavuja juu ya kiti changu. Nimehamia kiti cha Chumvi. Yeye amekaa chini ya tone, kavaa mfuko wa plastiki kichwani siku nzima ili kutuchekesha. Mtu huyu hana haya kabisa.

Jumatano, 19 Machi

Mzee Kadi: "Unamjua mtu yeyote mwenye kigugumizi? Tumkalishe hapa nusu saa, tumsikilize."

"Simjui," nikasema.

Nimeyaandika hapa ili niyatazame. Simjui.

Jumanne, 25 Machi

Gazeti limeniweka ukurasa wa burudani, picha na yote. "Mama wa Bobosi azungumza." Mkurugenzi ndiye aliyewapa maneno, mimi sikuzungumza na mtu, lakini yaliyomo ni kweli tupu: kwamba Bobosi ni wangu peke yangu, na kwamba ndiye aliyenipatia kazi.

Nilikwenda kibanda cha magazeti cha pale kona nikanunua nakala zote saba. Muuzaji akanipongeza. Nilifika nyumbani nimelowa, magazeti nimeyakumbatia kama mwizi wa kuku, ndipo nikakumbuka kwamba watu siku hizi husoma kwenye simu.

Jumatano, 26 Machi

Wifi alikuja ofisini. Hajawahi kufika hata siku moja. Alisimama kwenye korido, mwavuli unachuruzika, akakataa kuingia na akakataa kiti.

"Wifi, ni wewe?"

Nilijitia hamnazo. "Mimi nini?"

"Nisikilize, sijaja kugombana. Nimekuja kukueleza kitu ambacho mwenzangu aliniapisha nisikuambie." Alikuwa anaongea chini kwa chini, maana wafanyakazi walikuwa wanapita. "Ndugu yako hakuacha kazi kwa sababu ya chaki."

Akanieleza. Baada ya filamu ya kwanza, wanafunzi wawili watatu walianza kumwita Bobosi. Akawa anacheka nao. Baada ya filamu ya pili likawa darasa zima. Akigeuka kuandika ubaoni, sauti inatoka nyuma: Bo-bo-bosi. Akauliza swali, anajibiwa tu-tu-tukimbie. Akaanza kuandika kila kitu ubaoni ili asiseme. Somo la dakika arobaini, mtu haongei, chaki tu. Mwalimu mkuu akamwita, akamwambia wazazi wanalalamika kwamba hafundishi. Siku ya mwisho alifika nyumbani na sanduku la vitabu, akamwambia mkewe, "Tutasema ni kifua."

"Na mimi nikasema ni kifua," wifi akamalizia. "Kwako, kwa Mama, kwa kila mtu. Na wewe ukaleta dawa ya kikohozi. Unakumbuka? Chupa mbili."

Nakumbuka. Nilimwambia anywe mara tatu kwa siku.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alifungua mwavuli ndani ya jengo, akaona amekosea, akaufunga, akaondoka.

Kuanzia leo sitaandika namna ndugu yangu anavyokwama. Nikimnukuu, nitaandika alichosema. Nimeshaandika ya kutosha.

Alhamisi, 27 Machi

Nimewaambia kazini nina homa. Sina homa.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda duka la miwani. Nilipita mara tatu nje kabla ya kuingia.

Chumba chake ni kidogo, hakina dirisha. Kuna mashine ya kusaga, beseni la maji, na rafu ya vitrei vyenye lenzi na majina ya wenyewe. Alikuwa ameshika lenzi kwenye taa, anaigeuza. Aliniona, akaendelea kuigeuza.

"Wifi yako ana mdomo," akasema.

Nilianza kuomba msamaha, akaniinulia mkono nisubiri. Jicho lilikuwa halijamaliza kuikagua lenzi. Alipoiweka chini nikamuuliza amejua lini.

"Siku ya kwanza. Ukumbini. Tulikuwa tumekaa pamoja, wewe, mimi na Mama. Yule mtu aliposema ile sentensi, nilijua. Nani mwingine angeijua?"

Nakumbuka alitoka akasema anakwenda chooni. Hakurudi. Tulimkuta nje filamu ilipoisha, amesimama kwenye manyunyu. Nikamwambia amekosa sehemu nzuri.

Lazima niandike sasa lile ambalo sijaliandika popote. Yeye alikuwa na miaka saba, mimi kumi na moja. Ilikuwa majira kama haya. Mama yuko kazini, mimi nimerudishwa kutoka shule nina homa ya kweli, nimelala. Mchana, mvua inapiga. Mdogo wangu akaona ufa unatembea kwenye ukuta juu ya kitanda changu. Akaja akanishika mguu. "Dada, tukimbie." Nikamcheka. Nililala pale nikamwiga, nikasema tu-tu-tu, nikageukia ukutani. Hakuniacha. Alinivuta kwa miguu yote miwili, nikadondoka sakafuni, akaniburuta mpaka uani huku nampiga mateke. Ukuta ukaanguka juu ya kitanda. Mto wangu hatukuupata tena.

Miaka saba iliyopita, kwenye usaili wangu, waandishi walikuwa wanatafuta kichekesho cha kibaraka. Nikawasimulia juu ya "mtoto mmoja wa jirani" aliyetaka kuwaonya watu kwamba ukuta unaanguka, maneno yakamkwamia. Nilimwiga, tena vizuri. Ukuta wenyewe niliupitia juu juu. Sikusema ulianguka wapi wala nani alikuwa amelala chini yake. Chumvi alicheka mpaka akakohoa. Nikapata kazi.

Nimemwambia haya yote leo, hapo kwenye kijichumba, na mashine inazunguka bila kitu. Akasema, "Usaili. Sikujua kwamba ilikuwa kwenye usaili." Akazima mashine. "Nilidhani ilikuteleza tu mdomoni."

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata dawa. Nitaibadilisha filamu yote. Bobosi atamwacha Daktari Kutu, ataokoa mji, na mwishoni kigugumizi kitaisha, atasimama jukwaani aseme hotuba nzima bila kukwama hata mara moja. Naandika kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo. Mvua haikati na sijali.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemaliza. Mzee Kadi amesoma, ameniambia hotuba imemliza. Nimempelekea mdogo wangu nakala, nimemwachia wifi mlangoni. Wifi aliipokea kwa vidole viwili.

Jumamosi, 26 Aprili

Aliniita kwao. Alikuwa ameisoma yote na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama daftari la mwanafunzi. Mengi ni makosa ya hesabu: Bobosi anaiba mifuko sita, kwenye tukio la mbele imekuwa minane. Ukurasa wa mwisho, kando ya hotuba, ameandika neno moja: *Kwa nini?*

"Kwa nini amepona?"

"Nilidhani utafurahi."

"Dada, sikuwa mgonjwa."

Akafunga mswada, akauweka magotini.

"Kigugumizi muache nacho. Kipo, watu tunacho. Nataka kitu kimoja tu. Ile sentensi itoe. Ile nilikuambia wewe, siku ile. Haikuwa ya kuchekesha."

Nikamwahidi. Sentensi iko kwenye jina la filamu, iko kwenye fulana, nikamwahidi hata hivyo. Wifi alikuwa jikoni, akafunga bomba ili asikie vizuri.

Jumanne, 29 Aprili

Kikao. Nilisema nataka sentensi itoke na jina libadilike. Mkurugenzi akanitazama kama nimemwomba figo. Akauliza sababu. Nilitoa sababu za kitaalamu tatu, zote uongo, na zote akazipangua. Basi nikasema ukweli. Ukuta, kitanda, mto. Kwamba yule mtoto wa jirani ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kwamba aliacha kazi. Kwamba nyumbani walidhani Bobosi ni wa Chumvi. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma kila mara, kamasi zinanitoka.

Tone la paa lilisikika kwenye ndoo.

Mkurugenzi alikuwa na machozi, nasema kweli. Akainuka, akaja akanishika mabega.

"Hicho ndicho kidonda," akasema. "Mnaona? Hicho ndicho tulichokuwa tunatafuta. Ufunguzi wa filamu: mtoto, mvua, ukuta. Tuandikie hiyo."

Nikamtazama Mzee Kadi, nikitegemea aseme neno. Alikuwa ameshatoa kadi tupu. Akaandika UKUTA, akaibana ubaoni, juu kabisa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeiandika. Nilikaa chini niandike barua ya kukataa, nikaandika ukuta. Kurasa nane. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nilijua hivyo nikiwa naandika, na nilifurahi. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa na furaha. Halafu nikanyanyuka kutafuta maji, nikajiona kwenye kioo cha kabati.

Ijumaa, 2 Mei

Nimezichana zile kurasa, nimezifuta na kwenye kompyuta. Nikaenda kuwaambia siandiki ukuta.

Haikuwa na maana tena. Mkurugenzi aliogopa nitasita, akawaomba wengine wawili waandike kutokana na nilivyosimulia. Mzee Kadi ameshamaliza. Kurasa kumi na mbili, safi, amenisomea kwa sauti yake ya upole. Ameweka hata mto. Ameniuliza kama kitanda kilikuwa cha mbao au cha chuma.

Chumvi alikataa. Nilimkuta kwenye ngazi anakula karanga. "Mimi natania kila kitu," akasema, "lakini ukuta ulioanguka kwa mwenzangu, hapana." Kisha: "Lakini niambie. Kwenye kikao ulisema nyumbani waliambiwa kwamba ni mimi niliyemtunga?"

"Ni mimi niliyewaambia."

"Aa." Akatafuna. "Ndiyo maana mama yako. Kwenye ile sherehe ya filamu ya pili nilimpa mkono akauangalia kama samaki aliyeoza. Miaka yote nimejiuliza nilimkosea nini. Nilifikiri nilikuwa nanuka."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu, 5 Mei

Nilimwambia mdogo wangu. Nilikuwa nimejipangia maneno, yote yakanitoka. Nikasema tu: nilikwenda kuiomba sentensi, nimewapa na ukuta.

Aliniuliza jambo moja tu.

"Kikao kinachofuata lini?"

"Alhamisi, saa nne."

Alhamisi, 8 Mei

Mdogo wangu alikuja saa nne kasoro dakika mbili, amevaa shati lake la ualimu, lile la mistari, limemlegea. Wifi alibaki kwenye korido.

Mkurugenzi alimpokea kwa shangwe, akamwita shujaa, akamvutia kiti. Hakukaa. Alisimama pembeni ya ubao, mahali anaposimama mwalimu, akaanza kusema. Neno la kwanza lilimkatalia kabisa. Mkurugenzi akamsaidia, akalimalizia. Mdogo wangu akanyanyua kidole.

"Subiri," akasema.

Mkurugenzi akasubiri. Tulisubiri wote. Nilikuwa nimeinama, nikajilazimisha kumtazama usoni, na niliona kitu ambacho sijawahi kukitazama kwa sababu siku zote naangalia pembeni: kwamba anapokwama hatafuti neno. Neno analo. Yeye ndiye anayetusubiri sisi.

Alichosema ni hiki. Ukuta ulianguka nyumbani kwetu, na aliyekuwepo ni yeye na dada yake. Dada yake hana haki ya kuutoa peke yake. "Mkiuweka kwenye filamu, nitasimama mlangoni pa kila ukumbi, nitamweleza kila anayeingia, mmoja mmoja. Na mnaona ninavyochukua muda. Filamu itakuwa imeisha hawajaingia."

Chumvi aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa hofu. Mdogo wangu akamtazama, naye akacheka. Nadhani ni mara ya kwanza mtu kucheka katika chumba kile kwa kitu alichokusudia yeye.

Mkurugenzi si mtu mbaya, na pia si mjinga. Alikubali: ukuta utoke, kupona kutoke. Sentensi akasema hawezi. Jina limeshatangazwa, fulana ziko madukani, si zake tena. Walibishana kidogo, kisha mdogo wangu akaona ukweli wa jambo, nami nikamwona akiuona. Sentensi yake imekwenda. Haitarudi.

Alinyoosha mkono juu ya ubao, akabandua kadi ya UKUTA, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Mzee Kadi akasema kwa upole, "Hiyo tu ndiyo nakala." Mdogo wangu akatoka.

Kwenye korido nilimfuata. Wifi alikuwa ameshamshika mkono.

"Usije kwetu kwa muda," akaniambia.

"Muda gani?"

"Sijui, dada. Kwa muda."

Ijumaa, 9 Mei

Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Nilitaka kuacha kazi. Chumvi amesema nikiacha, kiti changu atakikalia mtu atakayemponyesha Bobosi ndani ya wiki moja. Nimebaki. Sijui kama ni ujasiri au ni kupenda kiti.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia Mama. Kila kitu, na usaili. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja mpaka zikaisha, halafu akazikunjua akaanza upya.

"Siku ule ukuta ulipoanguka," akasema, "nilirudi nikakuta mmekaa uani mmelowa. Nikakuuliza imekuwaje. Ukaniambia wewe ndiye uliyemtoa mdogo wako."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Naapa nilikuwa nimelisahau.

"Naye alikuwa amekaa hapo hapo," Mama akasema. "Hakukanusha. Nikafikiri ni ile shida yake ya kusema."

Baadaye sana akasema, "Na yule kijana nimemnyima mkono bure. Mwambie aje ale."

Jumamosi, 24 Mei

Chumvi alikula kwa Mama sahani tatu. Viti viwili vilikuwa vitupu na hakuna aliyevitaja.

Jumanne, 27 Mei

Upigaji picha umeanza. Mwigizaji aliisema ile sentensi, mafundi wa taa wakacheka. Nilitoka nje nikasimama. Jua limeanza kuwaka, barabara inatoa mvuke.

Jumamosi, 31 Mei

Mdogo wangu amenipigia simu. Mwenyewe, si kwa ujumbe wala kupitia kwa wifi, ingawa simu ndiyo inayomtesa kuliko kitu chochote, maana mtu wa upande wa pili haoni kwamba bado anasema. Mara mbili nilidhani imekatika. Sikusema "haloo." Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu sikioni, nikangoja.

Tumeongea mpaka sikio likapata moto. Kuna jambo ameamua, na kuna jambo amenikumbusha la utotoni, na kuna neno amenipa la mwisho kabla ya kukata.

Ni yake. Siyaandiki.